Habari ya Kichwa Changu Mwenyewe

Kwetu mtu akija na habari mbaya hanywi kahawa. Sijui kama Wanubi wote wanafanya hivyo, maana Mnubi wa Bombo na Mnubi wa Kampala wakikutana hawakubaliani hata namna ya kukoroga uji, lakini katika ukoo wetu ndivyo ilivyo. Mgeni anakuja asubuhi, anakaribishwa mkekani, anamiminiwa kahawa ya tangawizi, na kikombe anakiacha pale mbele yake kikitoa moshi. Hakigusi. Mwenye nyumba akiona hivyo anajua huyu ana mzigo. Anawatoa watoto nje, anavua kofia, anasema, "Shusha." Mgeni anashusha. Akimaliza kusema ndipo anakunywa, hata kama kahawa imekuwa baridi kama maji ya mtungi. Anakunywa hiyo hiyo. Haimwagwi, wala hapewi nyingine.

Nimeanza na kahawa kwa sababu yote nitakayosema yanarudi kwenye kahawa, na mimi nikianzia pengine napotea. Nimekuwa nikipotea katika maneno tangu ujana. Hilo mlishike, litatufaa mbele.

Nilikuwa dereva wa malori. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, nikawa utingo, au taniboi kama tunavyosema huku, nikilala juu ya magunia mpaka Mombasa. Kiswahili changu nilikiokota huko, bandarini na katika vibanda vya chai. Hapa Kampala Kiswahili kilikuwa cha askari. Mtu akikisikia nje ya mlango alipuliza taa. Baada ya vita vya themanini na sita walipoingia wale askari wapya, kumbe nao wanasema Kiswahili, na sisi Wanubi, tulioitwa watu wa Amini, tukajifungia ndani tukingoja kujua hiki ni Kiswahili cha namna gani. Siku moja askari alinisimamisha Nakawa. Akaniuliza natoka wapi, na ilikuwa siku ya kuulizwa vibaya swali hilo. Nikamjibu kwa Kiswahili cha pwani, na "tafadhali" ndani yake, na "ndugu yangu mpenzi", nikamweleza habari za barabara tangu Mariakani. Akacheka mpaka akaegemea bunduki. "Wewe unaongea kama redio," akasema, akaniachia nipite.

Maneno yaliniokoa siku ile, na ukoo ukasikia. Tangu hapo nikawa msemaji wao. Posa ikija, nasema mimi. Msiba, mimi. Watu wamegombana juu ya mfereji wa maji machafu, naitwa mimi nizunguke na maneno mpaka wachoke kugombana. Sina shamba la kuonyesha wala ghorofa. Nilichokuwa nacho ni kwamba nikisimama, watu wanakaa.

Sasa, dada yangu.

Dada yetu mkubwa alikuwa msukaji wa vifuniko vya chakula, vile vya rangi tunavyofunikia sinia. Akaanza kusahau. Mwanzo ni vitu vya kuchekesha, chumvi kwenye kahawa, viatu ndani ya jiko. Tukacheka, na yeye akacheka. Baadaye mikono ikawa bado inasuka, nyekundu, kijani, nyekundu, bila kukosea, lakini ukimuuliza kifuniko ni cha nani anakutazama kama umemtukana. Siku moja aliniamkia, "Shikamoo Baba," akaniuliza mbona nimechelewa kutoka kambini. Baba yetu alikuwa amekufa kabla ya Amini kuondoka. Nikaitika. Ningefanya nini? Nikamwambia lori la jeshi liliharibika njiani.

Wengine wakasema ni majini. Akasomewa, akapigwa mafusho, akakohoa wiki nzima na hakukumbuka zaidi. Ndipo mdogo wangu akasema twende hospitali. Mdogo wangu huyu ni wa mama mmoja na baba mmoja, tumebaki wawili wa kiume. Ana duka la vipuri Kansanga na kichwa chake kimenyooka. Alisoma mpaka sekondari, na kila kitu anakiweka mahali pake. Mimi nilimbeba mgongoni tukikimbia mwaka sabini na tisa, Amini alipoanguka. Hilo silisemi kwa kumsimanga. Nalisema kwa sababu mgongo huo huo utakuja tena.

Hospitali kulikuwa na watafiti wa magonjwa ya ubongo. Daktari mmoja mtu mzima, mwenye subira, alituketisha akatueleza ugonjwa wa dada. Alisema zamani ilikuwa vigumu kuwa na hakika nao mpaka mtu afe na ubongo upasuliwe. Siku hizi wanatafuta alama mwilini mtu akiwa hai. Kuna protini mbili. Moja inaganda kichwani kama ukoko wa sufuria, na kwa sababu imeganda huko, katika maji ya uti wa mgongo inapungua. Ya pili inaongezeka wakati ubongo unaumia. Wakipima maji hayo wanaziona. Na sasa wanataka kujua kama damu peke yake inaweza kusema yale yale, mtu asichomwe sindano mgongoni. Vipimo vingi vimejaribiwa kwa miili ya watu wa mbali, akasema, na wao wanataka kujua vinasemaje kwa miili ya hapa.

Kwa hiyo walimhitaji dada, na walihitaji pia ndugu mzima wa kumlinganisha naye. Nikasema nipo. Mdogo wangu anaogopa sindano, alikuwa anaangalia dirisha.

Walinilaza ubavu, nimejikunja, magoti yakiwa kifuani. Muuguzi wa Kiganda alinishika bega. Kiswahili chake kilikuwa kama cha wengi wa hapa, kinafika kwa kuchechemea lakini kinafika, na wazee wote aliwaita jaja, yaani babu kwa Kiganda.

"Jaja, usitingishika. Sisi natoa maji kidogo tu."

"Binti yangu, miaka yote nimetoa maji kwenye rejeta. Leo mimi ndiye gari."

"Basi gari inyamaze. Kalibu tunamaliza."

Daktari alicheka nyuma yangu, nikamwambia asicheke akiwa na sindano mkononi.

Nilipokaa, wakaniuliza swali. Nataka mlisikie vizuri, maana nililijibu kwa mdomo wangu huu.

"Mzee," daktari akasema, "watu wengine wanapenda kujua tukikuta kitu. Wengine hawapendi. Wewe ukikutwa na alama, tukuambie?"

"Mwambieni huyu mdogo wangu."

"Yeye? Si wewe?"

"Kwetu habari ya ugonjwa haipiti mlango wa mwenyewe kwanza. Inapita kwa ndugu. Yeye ndiye ataileta."

Daktari akaniuliza tena, taratibu, nina hakika? Nikamjibu kama mtu anayefundisha mgeni mila. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Akasema, "Nitaileta, Kaka."

Mila yetu ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kupokea: ndugu anapokea habari badala yako, ili isikuangukie mbele ya wageni, huna pa kushika. Nusu ya pili ni kufikisha. Anakuja nayo kwako, anakaa mkekani, anaacha kikombe. Mimi nilitaja nusu zote mbili katika pumzi moja. Yeye aliitikia zote mbili katika pumzi moja.

Basi tukangoja. Mdogo wangu ana desturi ya kuja kwangu Kasubi asubuhi ya Ijumaa, tunywe kahawa, kisha twende msikitini pamoja. Miezi ikapita, siku moja akaniambia, "Kaka, watu wa hospitali wameniita." Nikasema haya. Ijumaa ile nilikaa mkekani mapema. Mke wangu akamimina. Moshi ukapanda. Mdogo wangu akanyoosha mkono, akashika kikombe, akanywa.

Akanywa chote, akasema tangawizi imezidi.

Nami nikashukuru Mungu moyoni. Nikala vizuri siku hiyo, nakumbuka, nikala na kisra ya jana, ule mkate wetu mwembamba.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kusogea, lakini kidogo kidogo, kama lori ulilosahau kuliwekea jiwe kwenye gurudumu. Ufunguo wa pikapu yangu uliondoka msumarini. Mke wangu akasema mdogo wako ameazima gari. Sawa. Ikawa gari limeazimwa moja kwa moja. Wajukuu walikuwa wakiachwa nami mama zao wakienda sokoni Nakawa; wakaanza kupelekwa kwa jirani. Nikiuliza, naambiwa, "Upumzike, Mzee." Mke wangu akaanza kunimalizia sentensi. Mwanamke huyu tumeishi tangu nikiwa na nywele, na hajawahi kunimalizia sentensi. Kazi yake ilikuwa kuniambia nizifupishe.

Lakini kilichoniuma ni mbuzi.

Nina hadithi moja ya mbuzi aliyekula karatasi zangu za forodha pale Malaba. Naianza na mbuzi, kisha nakwenda kwa mke wa ofisa wa forodha aliyekuwa na wivu, kutoka hapo naingia kwenye nazi niliyomletea kutoka Mombasa, ile nazi inanipeleka mpaka kwa bosi wangu Mhindi aliyeogopa nazi, naye kwa nini aliogopa ni hadithi nyingine, lakini mwisho, mwisho kabisa, narudi kwa mbuzi, na mbuzi amepigwa muhuri. Watu walikuwa wanaijua. Walikuwa wananiacha nizunguke, wanangoja mbuzi arudi. Furaha ilikuwa katika kungoja.

Sasa nilipofika kwenye nazi, nikaona mke wangu anamtazama mdogo wangu. Mdogo wangu akaniwekea mkono gotini. Akasema kwa sauti laini, ya kumvusha kipofu barabara, "Kaka, ulikuwa kwa mbuzi."

"Najua nilikuwa kwa mbuzi."

"Ndiyo, Kaka. Tulikuwa tunakukumbusha tu."

Sikuimalizia. Ilikuwa mara ya kwanza mbuzi yule kubaki Malaba. Nilidhani wamenichoka. Mtu akizeeka anachokwa, nikajiambia, na hadithi ikizeeka pia.

Dada akafariki katika siku hizo, Mungu amrehemu. Mwisho alikuwa hasemi kitu, vidole tu vinasuka hewa juu ya shuka.

Kisha ikaja posa ya binti yangu kitinda mimba.

Huyu alizaliwa nikiwa safari ya mwisho kabla ya kuacha barabara, kwa hiyo ndiye mtoto pekee niliyemlea kwa macho. Wengine niliwalea kwa kuwaletea samli. Huyu nilimsuka nywele, vibaya, lakini nilimsuka. Nimesema katika posa za mabinti wa kila mtu Kasubi, nikiwaza tu siku ya huyu nitasemaje. Maneno nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nayapiga pasi kichwani pamoja na kanzu.

Asubuhi ile mdogo wangu akaja kabla ya wageni. Akanikuta nimevaa.

"Kaka, leo wewe pumzika. Nitasema mimi."

"Mimi ndiye baba."

"Ndiyo. Baba anakaa, anaonekana. Hivyo ndivyo wanavyofanya siku hizi."

"Nani anafanya?"

"Watu, Kaka."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Nikakaa. Wakanipa soda, imefunguliwa, ina mrija. Wageni walikuwa Waganda Waislamu, watu wa heshima, wamejaa sebule mpaka barazani. Mdogo wangu alisema maneno mafupi, safi, kama anasoma bei za vipuri. Hakusema binti alizaliwa siku ya mvua gani, wala jina lake lilitoka kwa bibi yupi. Sikuweza kuvumilia. Nikasimama, nikasema, "Wageni wetu wapenzi, binti huyu siku aliyozaliwa mimi nilikuwa chini ya lori la chumvi—" na nilikuwa nakwenda mahali pazuri, nawaambieni, lakini mkono wa mdogo wangu ukanishika kiwiko. Akawatabasamia wageni.

"Mtuwie radhi. Mzee wetu amechoka."

Na mama mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, "Bambi."

Hilo ni neno la Kiganda la huruma. Unamwambia mtoto aliyeanguka, unamwambia kuku aliyevunjika mguu. Sijawahi kuambiwa bambi nikiwa nimesimama kusema. Nikakaa. Binti yangu alikuwa anaangalia mkeka, na machozi yake nikadhani ni ya harusi.

Usiku ulipita, mwaka ukapita, na mimi nikawa mtu wa kukaa. Wazee wenzangu pale kwa fundi wa matairi walikuwa wananipa kiti kabla sijakitafuta. Nilipotaniwa, nilitaniwa kwa adabu, na utani wenye adabu ni kama pilipili iliyooshwa.

Watafiti huwa wananiita kila baada ya muda. Mdogo wangu huja nami siku zote, ananisemea mlangoni, ananisubiri. Kule naambiwa nikumbuke maneno, nichore saa, nihesabu kurudi nyuma, kuhesabu ambako hata kwenda mbele ni taabu kwangu. Safari hiyo mdogo wangu alikuwa ameenda Nairobi kuchukua mali. Nikasema siwezi kusubiri, nikapanda boda, nikaenda peke yangu.

Nilikuta daktari mpya, binti mdogo mwenye miwani. Akanipima, tukamaliza. Akafungua kompyuta yake, akasoma, akatabasamu.

"Mzee, nimefurahi. Tangu ile alama ionekane, kumbukumbu yako haijashuka. Uko pale pale."

"Alama ipi?"

Tabasamu lake lilikaa kidogo usoni baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake.

"Alama ya protini. Ya maji ya mgongo, na ya damu pia. Ya mwanzo kabisa."

"Ya dada yangu."

"Hapana, Mzee. Yako."

Akamwita muuguzi, yule yule wa siku ya sindano. Wakanong'ona. Muuguzi akakaa karibu nami, akanishika bega lile lile. Akasema, "Jaja, sisi liambia mdogo yako. Wewe lisema hivyo. Na yeye lisema amekufikishia. Daktari liuliza yeye mala mbili. Alisema, mzee anajua, mzee ametulia."

Mzee ametulia. Ndivyo alivyosema.

Daktari akaomba radhi, na sikuona kosa lake. Nikamwambia anieleze, nami nikamsikiliza kwa mara moja maishani bila kukatiza. Alisema alama siyo ugonjwa. Kuna watu wana alama hiyo na wanakufa wazee sana, akili zao zimetimia. Kuna wengine ugonjwa unakuja. Hatari yangu ni kubwa kuliko ya asiye nayo, hilo hakunificha. Lakini mimi ni yupi kati ya hao, bado hakuna anayejua, na ndiyo maana wananiita kila mara.

"Kwa hiyo taa ya oili imewaka," nikasema, "lakini gari linatembea."

"Linatembea, Mzee. Na taa yenyewe bado tunajifunza kuisoma."

Niliwahi kuendesha lori kutoka Voi mpaka Busia na taa imewaka, hiyo pia ni hadithi. Sikumsimulia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa maua.

Watu watadhani niliwaza ugonjwa. Niliwaza vikombe. Kila Ijumaa, miaka yote ile, mkono wake unanyooka, anashika, anakunywa. Mimi nikikitazama kikombe kile kama mtu anayetazama taa za barabarani, nikiona kijani, napita. Mtu anaweza kukudanganya kwa maneno ukamsamehe, maneno ni kazi yangu, najua yanavyoteleza. Huyu alinidanganya kwa kitu ambacho katika ukoo wetu hakijawahi kudanganya.

Na ufunguo wa pikapu ukarudi kichwani. Na wajukuu. Na mbuzi. Mrija wa soda. Nikaelewa kwamba hawakuwa wamenichoka. Walikuwa wananilia matanga, na mimi nimekaa pale katikati, nawauliza nani amekufa.

Nyumbani sikusema kitu. Nilitaka kumpa mdogo wangu nafasi. Ijumaa ilipofika nilimimina kahawa mwenyewe, nikamwekea, nikavua kofia. Nilivua kofia, mnaelewa, ishara yote nilimpa. Akanitazama kichwa. Akasema, "Joto limeanza, Kaka," akanywa.

Ijumaa iliyofuata nikafanya hivyo tena. Akanyoosha mkono, nikaweka wangu juu ya kikombe.

"Acha kwanza."

"Kuna nini, Kaka?"

"Wewe ndiye uniambie. Kikombe hiki nakisubiri tangu dada yuko hai."

Alielewa. Hakujifanya. Mke wangu alikuwa mlangoni na kikaango cha kisra, akakiweka chini polepole, bila kelele.

"Nani amekuambia?" mdogo wangu akauliza.

"Si wewe."

"Kaka, ningekuambiaje? Wewe neno huwezi kulificha. Ningekuambia Ijumaa, Jumamosi Kasubi yote inajua, umeshalitia mbuzi na nazi. Na binti ulikuwa bado hujamwoza. Nani angeoa nyumba yenye ugonjwa wa kichwa? Wangesema dada yake baba, kisha baba, halafu nani? Nilimwangalia mtoto."

"Na pikapu, ulipoichukua ulimwangalia nani?"

Akautazama msumari mtupu ukutani.

"Ulipoambiwa alama, walikuambia naumwa?"

"Walisema si lazima."

"Walisema si lazima. Wewe ukasikia nini?"

"Nilimwona dada, Kaka. Nilimwogesha. Nilisikia dada."

Hapo sauti ilimkatika, na kama ningekuwa mtu mwema ningeacha. Nikamgeukia mke wangu.

"Nawe."

"Nilijua," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Nilitaka ucheke bado."

"Na mtoto?"

"Anajua. Tulimwambia kabla ya posa." Akafuta mikono kwenye gauni. "Na mumewe anajua. Mtoto alimwambia mwenyewe, kabla hawajaja. Akasema hawezi kuolewa na uongo. Mwenzake akasema haidhuru. Na mamake aliambiwa."

Nilimtazama mdogo wangu, nikaona hilo hata yeye alikuwa halijui. Alikuwa ameilinda siri kutoka kwa watu walewale waliokuja nayo sebuleni, wamevaa vizuri, wanakunywa soda zetu. Ndiyo maana ya bambi. Mkwe wangu alijua habari ya kichwa changu kabla yangu, na mamake mkwe, na sijui dereva aliyewaleta.

Nilicheka. Sikutaka, kicheko kilikuja chenyewe, na nikawaona wote wawili wakinitazama kicheko kile, wakikipima. Hata kicheko.

"Kunywa," nikamwambia mdogo wangu. "Imepoa."

Hakuweza. Aliiacha, akaenda msikitini peke yake. Kahawa ile mke wangu aliimwaga, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

Sasa tunaishi. Ufunguo ulirudi msumarini bila mtu kusema neno. Binti yangu alikuja, akalia, nikamsuka nywele ingawa ana mume, vibaya kama zamani. Yeye angalau aliona aibu kwa uongo, na nimemwachia hapo. Ila wamenitia kitu ambacho alama haikunitia. Nikitafuta kandambili nisiione, nyumba nzima inashika pumzi, na mimi nashika pumzi pamoja nao. Nikikwama kwenye jina la mtu, nasimama ndani ya neno kama lori kwenye matope, nasikiliza: ni uzee, au ndiyo yenyewe? Zamani nilikuwa napotea kwa raha. Sasa kila kona najitazama kwenye kioo cha pembeni.

Miezi michache iliyopita watafiti waliniita tena, wakapima damu upya. Mdogo wangu aliomba kunisindikiza, nikamwacha aje, akakaa nje kwenye benchi. Daktari mwenye miwani akaniuliza, na muuguzi yupo, "Mzee, majibu yakitoka, tumwambie nani?"

"Mimi. Mlango wa mbele."

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Nilikwenda kuyachukua peke yangu, nikakaa, nikaambiwa yote, nikauliza mpaka nikaelewa. Kutoka hapo nikapanda boda moja kwa moja mpaka Kansanga, nyumbani kwa mdogo wangu, asubuhi. Aliponiona langoni alijua nimetoka wapi. Akanikaribisha mkekani. Shemeji yangu akamimina kahawa, akawatoa watoto nje bila kuambiwa. Mdogo wangu akavua kofia.

Kikombe kilikuwa mbele yangu kikitoa moshi. Alikitazama kile kikombe, hakunitazama mimi. Mikono yake ilishika magoti kwa nguvu, kama ilivyonishika mabega mwaka ule nilipombeba mgongoni.

Nikanyoosha mkono, nikashika, nikanywa. Ilikuwa moto bado. Nilikunywa mpaka kwenye machicha.

"Kaka," akasema.

"Tangawizi imepungua," nikamwambia. "Niongezee."

Wewe unayesoma nimekuambia kila kitu, mpaka mbuzi. Majina tu sikuyaweka, kwa sababu ya wajukuu. Lakini nilichoambiwa siku ile usiniulize. Mdogo wangu alisema mimi siwezi kulificha neno. Hili nimelificha, na bado analitafuta usoni kwangu kila Ijumaa, akija, kikombe kiko mkononi, hajui anywe au aache.